Mtu wa Kwanza Kwenye Daftari

Wazo la kuandika historia yetu, sisi Waswahili wa Durban, lilitoka kwangu, wala sitamsukumia mtu mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ilikuwa kukata soli kwenye karakana ya viatu Pinetown. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilipokuwa shule Tanga mwalimu alikuwa akinipa chaki niandike ubaoni yeye apumzike, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuota vitabu. Kwenye taxi ya kurudi Sydenham nilikuwa naliona kabisa jalada la kitabu chetu: sote tumesimama mbele ya ukumbi wa parokia, wafupi wamechuchumaa, na maneno ya rangi ya dhahabu chini ya miguu yetu.

Chama chetu kilikutana Jumapili moja kila mwezi, mchana, kwenye ukumbi huo. Tulikuwa Watanzania na Wakongomani, Wakristo na Waislamu, wasusi, walinda magari, wauza mitumba. Kazi ya chama ilikuwa kuzika aliyekufa na kumpokea aliyefika. Mwenyekiti alikuwa Mkongomani aliyewahi kufundisha shule ya msingi Uvira, na ingawa siku hizo alilinda magari Westville, wote tulimwita Mwalimu. Makamu wake alikuwa fundi cherehani, Mtanzania mwenzangu, mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu.

Kuhusu kumbukumbu tulikuwa wakali kuliko bunge. Nilichoandika mkutano huu nilikisoma kwa sauti mkutano unaofuata, neno kwa neno, kisha makamu aliuliza, "Zithibitishwe?" na watu walinyoosha mikono. Zikishathibitishwa ndiyo zimekuwa. Daftari lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu, likikaa kwenye kabati la padri pale ukumbini, kurasa nimezipa namba kwa mkono ili asitokee mtu wa kuchana. Historia nayo niliamua kuiandika humohumo. Nilidhani naipa heshima.

Sura ya kwanza ilikuwa ya mtu wa kwanza kufika, na juu ya hilo hakukuwa na ubishi. Alikuwa Durban kabla yetu wote. Chumba chake Overport ndicho kilichotupokea: nililala kwenye zulia lake wiki sita, na Mwalimu alikuwa amelala palepale kabla yangu. Baridi ya mwaka ule ilimkamata kifua, akakohoa miezi miwili, akafa kwenye wodi akiwa na soksi zangu miguuni. Tulimzika sisi. Kwenye msalaba wa mbao tuliandika jina lililokuwa kwenye makaratasi yake, na mahali pa kuzaliwa tukaandika Uvira.

Hakuwa wa Uvira. Alikuwa Mtanzania wa Kigoma, Muha, na jina lake lilikuwa jingine. Alipofika hakukuwa na karatasi ya kumpa Mtanzania aliyekimbia njaa tu, kwa hiyo akajifanya Mkongomani. Masoko na vilima vya Uvira alikuja kufundishwa na Mwalimu, kila akiitwa tena kwa mahojiano, na akafaulu. Baadaye akaoa mwanamke aliyekimbia kweli kutoka Kivu, aliyeona kwa macho yake mambo ambayo hakuwahi kunisimulia. Kwa sababu faili la mume lilikuwa limeshatangulia, yeye na mtoto wao wakaandikwa ndani ya faili hilo. Ndivyo ilivyokuwa: mkimbizi wa kweli alining'inia kwenye karatasi ya mkimbizi wa uongo.

Mwanamke huyo nilimwita shemeji, naye aliniita hivyohivyo. Baada ya mazishi ofisi ya wakimbizi ilimwandikia barua aende na mtoto, wamuulize upya, kwa kuwa mwenye faili amekufa. Likionekana faili ni la uongo, lote linafutwa, na walio ndani yake wanarudishwa walikotoka. Hilo nililijua. Nasema nililijua ili nisijitetee.

Lakini nilikuwa nampenda yule marehemu, na niliona vibaya alale chini ya jina la kuazima. Nikaandika kurasa tatu. Niliandika jina lake la kweli, kijiji chake, alivyobeba dagaa kwenye mwalo wa wavuvi wa Kibirizi akiwa mtoto, alivyovuka mipaka, alivyokariri Uvira mpaka akaota yupo huko. Sikuwahi kuandika kitu kizuri vile. Nilizisoma mbele ya watu wapatao arobaini, Mwalimu siku hiyo yuko zamu Westville, na mama mmoja alilia.

"Zithibitishwe?" akauliza fundi.

Mikono ikanyooka yote. Fundi akasema, kifua mbele, "Basi ijulikane, wa kwanza Durban alikuwa Mtanzania," na upande wetu ukapiga makofi. Mimi nami nilicheka. Shemeji hakuwepo, alikuwa kazini saluni.

Habari ilimfikia kabla sijafika nyumbani.

Mkutano uliofuata Mwalimu alikuja mapema, amevaa koti lake la kufundishia, akaniomba daftari. Alisoma amesimama. Alipomaliza alivua miwani.

"Mdogo wangu, weye uko na akili kweli?"

"Mwalimu, ni ukweli mtupu."

"Nani alikuambia iko uongo? Mi ndiye nilimfundisha ile mlima zote. Na jina langu iko ndani ya dossier yake, ile faili, kama shahidi." Akageukia watu. "Tuandike upya. Alizaliwa Uvira, kama kwenye kaburi. Bon. Imekwisha."

Fundi akainuka. "Haijaisha. Kumbukumbu zilizothibitishwa hazichanwi. Na kaburi tuliliandika sisi kwa huruma, si kwa historia. Leo mnatuibia marehemu, kesho mtasema na mimi nimezaliwa Bukavu."

"Weye Bukavu watakukataa," mtu akasema nyuma. "Wali wako wenyewe unakushinda, utaweza ugali wa muhogo?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kugombana kwelikweli. Wakongomani walisema Watanzania wanataka sifa. Watanzania walisema Wakongomani wanataka kila kitu Durban kionekane chao. Mtu alikumbusha nani alichanga jeneza, mwingine akajibu nani alichimba kaburi. Mimi nilikaa na kalamu na sikujua niandike nini.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka minne, miguu inaning'inia. Sijui alifika saa ngapi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu wote waligeuka.

"Alhamisi hii naitwa. Mi siombi mumuandike Mkongomani. Siombi mumuandike Mtanzania. Naomba asiandikwe. Hapa ndani iko watu walikataliwa karatasi, na wana uchungu. Mmoja akitaka kunimaliza, anaenda kusema tu, kitabu iko kwenye kabati ya padri."

"Shemeji, hapa hakuna msaliti," fundi akasema.

"Baba, mi nilitoka mahali jirani ndiye alionyesha nyumba yetu."

Nilitegemea baada ya hapo jambo litaisha. Lakini fundi ni mtu wa taratibu, akasema basi tupige kura, na upande wetu tulikuwa wengi siku hiyo. Kurasa zikabaki. Walikubaliana tu kwamba daftari lifungiwe kabatini, na kwamba mkutano ujao patasomwa masahihisho. Kwa hiyo jina lingesomwa tena, kwa sauti, ili lisahihishwe. Hakuna aliyeona kichekesho chake, na mimi wakati ule sikukiona.

Padri wa parokia alikuja kuchukua funguo akanikuta bado nimekaa. Alikuwa mzee wa Ireland, mwekundu usoni, amekaa Durban miaka mingi mpaka Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza changu. Nilimweleza kwa mkato, bila kumtaja mtu. Hakushangaa. Alisema katika mji wao, mji mdogo wenye mto na daraja moja, watu wanagombania historia tangu yeye hajazaliwa: nani alipigwa risasi darajani na nani alimchongea. Mwisho waliunda kamati mbili, zikatoa vitabu viwili, na duka linalouza kimoja haliuzi kingine.

"Na wewe unasoma kipi?" nikamuuliza.

"Vyote. Namtafuta mjomba wangu." Alikuwa anahesabu funguo kwa kidole. "Hayumo."

Nikamwomba aniachie ufunguo wa kabati mpaka kesho. Aliniangalia kidogo, akautoa kwenye pete.

Kuchana ukurasa wenye namba ni kazi mbaya kuliko nilivyofikiri. Nilitumia kisu cha karakana, kile cha kukatia soli. Kurasa tatu zilitoka safi, na mishono ya daftari ikabaki wazi kama ufizi.

Jumatatu saa ya chakula nilitoroka Pinetown nikaenda saluni. Shemeji alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, anasuka. Alimaliza msuko mmoja, akamwambia mteja asubiri, akanipeleka nyuma kwenye sinki la kuoshea nywele. Nikampa karatasi. Hakujua kusoma vizuri.

"Nisomee."

"Shemeji, tuzichome tu."

"Nisomee kwanza. Nimesikia watu wote wamesikia. Mi sijasikia."

Nikasoma polepole, na mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inalia upande wa pili wa pazia. Nilipofika Kibirizi alinigusa mkono.

"Si dagaa. Alibeba migebuka, ile samaki kubwa. Dagaa alikuwa anabeba kaka yake. Alichukia sana watu wakisema dagaa."

"Nilisikia vibaya."

"Andika."

Nilitoa kalamu mfukoni, nikakata neno dagaa, nikaandika migebuka juu yake. Akaangalia mpaka nikamaliza herufi ya mwisho. Nikaendelea mpaka mwisho, akasema sawa, sasa ndiyo yeye. Kisha akafungua maji, akaziweka zote tatu kwenye sinki. Wino wa kalamu haukutoka, karatasi ndiyo iliyolegea. Akaanza kuikanda kwa vidole vilevile vya kusukia, akaikanda mpaka ikawa donge la kijivu, akaligawa vipande, akavitupa ndooni pamoja na nywele za watu. Alinawa. Alirudi kwa mteja wake, na mimi nikatokea mlango wa nyuma, kwa sababu nilikuwa nalia na saluni ilikuwa imejaa wanawake.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda naye, nimbebee mtoto. Tulipanga foleni toka alfajiri. Yeye alikuwa anakariri kimyakimya, naona midomo. Kila aliyetupita na Kiswahili mdomoni alimfanya ainamishe kichwa.

Walimuita saa tano. Waliniruhusu niingie kwa ajili ya mtoto, nikakaa kwenye benchi ukutani. Ofisa alikuwa kijana mstaarabu tu, amechoka, na mkalimani pembeni yake. Aliuliza mengi na shemeji alijibu yote: kilima, soko, barabara ya ziwani, mume alizaliwa wapi. Sauti haikutetemeka. Sijui kama ofisa alikuwa na shaka au alikuwa anapitisha muda, lakini mwishoni aliweka kalamu chini, akamtazama mtoto mapajani mwangu, akacheka naye, akasema kitu kwa Kiingereza.

Mkalimani akamuuliza mtoto, "Baba yako alikuwa anatoka wapi?"

Shemeji hakugeuka. Niliona mabega yake yamesimama.

"Uvira," mtoto akasema. "Kwetu Uvira. Kuna mlima, na soko liko chini, na ng'ombe wanapita."

Akaendelea, hakuna aliyemuuliza tena, akataja na mto. Alikuwa anasema kama mtoto anayesimulia nyumbani kwa bibi yake. Ofisa akapiga muhuri.

Tulishuka ngazi. Huko nje nikasema, kwa furaha yangu ya kijinga, "Shemeji, ulimfundisha vizuri."

Alimchukua mtoto kutoka kwangu, akamfunga mgongoni, akakaza kitenge.

"Sikumfundisha," akasema. "Ni baba yake. Kila siku akimlaza, alikuwa anamhadithia."

Robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani, tukavuka.

Chama kiligawanyika kabla ya mwaka kuisha. Fundi alipoona nafasi ya kurasa tatu aliniita msaliti mbele ya watu. Watanzania walianza daftari lao, ambalo linaanza na mtu wa pili kufika. La Wakongomani linaanza na mtu aliyezaliwa Uvira. Shemeji hakuenda tena kwa yeyote kati yao, na mtoto ameanza shule. Nilimwona huyo mtoto mwezi uliopita amebeba begi. Aliniambia akikua atakwenda kwao Uvira kumsalimia bibi, na akanionyesha kwa mkono upande wa kwenda.