Tulijaribu kipimo cha watoto wachanga kwa Kiswahili hapa Kampala, mkono wa Asifiwe ukatujibu

Wakuu, salamu kwenu nyote mliomo humu.

Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi, mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe kazini. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa physio, yaani mazoezi ya viungo, nipo Kampala kikazi. Kliniki yetu iko upande wa Katwe, kule kwa mafundi wa vyuma. Tunapokea watoto waliozaliwa kwenye hatari: njiti waliozaliwa kabla ya wakati, waliochelewa kulia, waliopata manjano kali. Tunaangalia wanavyoinua shingo, wanavyojigeuza, wanavyoshika vitu, ili mwenye tatizo agundulike mapema.

Sasa shida ikawa hii: kipimo chetu, yaani orodha ya maswali na alama, kilikuwa cha Kiingereza, na kina mama wetu wengi ni Wakongo na wake wa askari kutoka kaskazini. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha hapa mjini.

Tukakitafsiri.

Kuna watu wanadhani ukishatafsiri umemaliza. Thubutu!

Swali moja lilisema, "Mtoto wako anaweza kukaa mwenyewe?" Mama mmoja Mkongo akashtuka, akamvuta mwanawe kifuani.

"Akae mwenyewe namna gani? Anakaa na miye!"

Alidhani tunauliza kama mtoto amehama nyumbani 😂 Tulicheka wote, yeye mwenyewe akiwemo. Swali likabadilika: ukimketisha chini ukamwachia, haanguki?

Basi ikaja hatua ngumu. Wapimaji wawili wanamwangalia mtoto yuleyule, kila mmoja anaweka alama zake bila kuchungulia za mwenzake. Mkipishana kila mara, kipimo hakiaminiki, kazi yote inarudi mwanzo.

Mimi nilipangwa na Sister Akello, nesi aliyezaliwa na kukulia kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku. Mwanzoni tulipishana vibaya sana. Nyundo za mafundi zikigonga huko nje, mtoto anaruka. Mimi naandika ameshtuka, Akello anaandika amejigeuza.

Bosi hakutuficha. Tukiendelea hivyo, kina mama watarudi kupimiwa watoto kwa mkalimani. Tukapitia maelezo upya, mstari kwa mstari, tukibishana mpaka chai inapoa.

Ndipo akaja Mama Asifiwe.

Mkongo wa Bukavu, anaishi Kisenyi, anauza nguo za mitumba za watoto soko la Owino. Mwanawe Asifiwe alizaliwa njiti, ila sasa ameshanona na anacheka na kila mtu. Mama alikuja akiwa na uhakika wa kuambiwa mambo ni mazuri.

Tukamlaza mtoto mkekani. Nikatikisa chupa yenye maharage upande wa kulia, akaidaka. Nikaipeleka kushoto.

Mkono wa kushoto haukuinuka. Ngumi imefungwa. Akauvusha ule wa kulia juu ya kifua mpaka akaifikia chupa.

Nikajaza alama zangu kimya. Akello kwenye kona yake naye anajaza.

Tulipolinganisha, wakuu, zilifanana! Kila kipengele, isipokuwa kimoja tu. Niliruka kama nimefunga goli. Akello akapiga kigelegele.

Kugeuka, Mama Asifiwe naye anapiga makofi.

"Mutoto wangu amefaulu?"

Sisi tulikuwa tunashangilia kwamba tumekubaliana, na tulichokubaliana ni kwamba mwanawe ana tatizo.

Akello akaketi chini mkekani, magoti yakagusana na ya yule mama.

"Mama, sikia. Asifiwe iko na akili, anaona, anacheka. Lakini hii mkono ya kushoto bado imelala. Tunataka tuiamshe sasa, saa hii bado mudogo."

Mama akaushika ule mkono, akajaribu kuifungua ngumi, ikajifunga tena. Machozi yakamtoka.

"Njo kusema atakuwa kilema?"

Nikamwambia ukweli: sijui mkono utafika wapi. Ninachojua ni kwamba ubongo wa mtoto mchanga bado unajifunza, na tukianza mapema tuna nafasi kubwa kuliko tukisubiri. Nikamwonyesha michezo. Vitu vyote viwekwe kushoto. Mkono wa kulia uvikwe soksi kwa muda mfupi kila siku, ule mwingine ulazimike kufanya kazi.

Akafuta macho. "Soksi ninazo. Niko nauza."

Na alifanya, wakuu. Kila alipokuja Asifiwe alikuwa na soksi mpya mkononi, leo ya mistari, kesho ya maua. Majirani zake wa sokoni nao wakawa wanamchezesha upande wa kushoto, wanagombania zamu.

Juzi alikuja kupimwa tena. Akello akainama kumsalimia, na herini zake kubwa zikaning'inia. Asifiwe akaziangalia. Ngumi ya kushoto ikafunguka polepole, kidole kwa kidole, ikapanda juu hewani...

Akaidaka herini! Akavuta!

"Wuuu! Mama, muondoe, anakata sikio yangu!"

Mama Asifiwe anacheka huku analia. "Miye simuondoi. Mwache avute!"

Mkono bado una safari, nisiwadanganye. Lakini sasa kliniki yetu inapima kwa Kiswahili, bosi ameridhika, na wenzetu wa wodi ya njiti wameomba tuwafundishe.

Nilichojifunza: mtoto akizaliwa kabla ya wakati au akichelewa kulia, mpelekeni akaangaliwe hata kama amenona na anacheka. Msisubiri "atakua tu."

Haya, uwanja ni wenu. Wa Goma, Mombasa, Kigoma, kwenu mtoto akijipindua kutoka mgongoni kwenda tumboni mnasemaje? Tupeni neno la nyumbani. Kuna mama ataulizwa kwa neno hilo, na inabidi alielewe.