Miaka Aliyoongezewa Kahaso

Siku Mwalimu Hannah Kahaso alipostaafu, shule ilimpa doti mbili za leso, keki na hotuba ndefu. Kesho yake aliamka alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa, kisha akakaa kitandani, hana pa kwenda. Alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule za sekondari za Malindi tangu usichana wake. Watoto wake walikwisha kuwa na familia zao, mmoja Mombasa, mwingine Nakuru. Mumewe naye, baada ya maradhi ya muda mrefu, alitangulia mbele ya haki miezi michache tu baada ya ile keki. Pale nyumbani, mtaa wa Muyeye, akabaki yeye na redio.

Alijaribu shule za watu binafsi. Wakuu wa shule, wengine wao aliowasomesha mwenyewe, walimpokea kwa heshima zote, wakammiminia chai na kumsindikiza hadi langoni.

"Wewe ni mama yetu," mmoja alimwambia. "Pumzika sasa, Mwalimu. Sisi tunatafuta vijana wa kukimbizana na hawa watoto."

Ndipo Taufiq alipopiga simu. Taufiq ni mtoto wa Mambrui, mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyekuwa akitolewa nje ya darasa kwa kucheka. Siku hizi anafundisha Kiingereza katika shule moja huko Tailandi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi. Mwalimu, shuleni kwetu wanatafuta mtu. Nimewatajia wewe."

Hannah alicheka. "Mimi? Mimi ni mtu wa kupanda ndege?"

"Kiingereza hiki kinachonilisha nilikitoa wapi kama si kwako?"

Alisema atafikiri, lakini ukweli ni kwamba hakuwa na la kufikiri. Maisha yake yote alikuwa akiwasomea watoto wa watu habari za theluji, za treni zipitazo chini ya ardhi, za miji ambayo taa zake hazizimwi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote ila ule wa Lungalunga, wa kuingia Tanzania, tena kwa ajili ya mazishi. Zaidi ya hayo alitamani tena kuingia darasani na kusikia viti vikikwaruza sakafu, watoto wakisimama.

Usaili ulifanyika kwa simu ya video, nyumbani kwa jirani yake, Bi Afiya, kwa sababu huko mtandao haukatiki ovyo. Afiya alimfunga kilemba, hakikumridhisha, akakifungua na kumfunga kingine. "Wakuone mtu mzima lakini usiwe bibi," alisema.

Huko ng'ambo walimwekea darasa la watoto wadogo kwenye kioo cha simu, awafundishe kidogo waone. Watoto walimtazama tu, kimya. Hannah akajifunika uso kwa leso, akauliza kwa Kiingereza, "Mwalimu yuko wapi?" Akajifunua. Akajifunika tena. Mara ya tatu darasa zima lilikuwa likipiga kelele kwa Kiingereza, "Yuko hapa! Yuko hapa!" Mwalimu mkuu, mama mwembamba mwenye miwani, alicheka hadi akaivua miwani ile. Wakamwambia wanamtaka muhula ujao, na kwamba awatumie nakala ya pasi yake ya kusafiria.

Afiya alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Wiki ile Hannah alinunua viatu vya kufunika, akajifunza maamkizi ya Kithai kwenye simu, akawa anaamkia nayo hata muuza mkaa.

Kisha Taufiq akapiga tena, na safari hii hakuanza na shikamoo.

"Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane. Kwani?"

"Pasi inasema sitini na mmoja. Na wenye shule wana sharti lao, hawaajiri mwalimu mpya aliyepita sitini. Mkuu mwenyewe amekuombea, wamekataa."

Hannah aliketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amekwisha kuisahau miaka ile mitatu. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa na miaka kumi na sita, na chuo cha ualimu kilitaka mwenye kitambulisho, nacho hakitolewi kabla ya miaka kumi na minane. Baba yake, mzee Kambi, alimpeleka kwa chifu kule kwao Rabai, akamsukuma mbele kidogo na kusema, "Huyu ana kumi na tisa." Chifu hakuinua hata macho. Siku zile wengi waliandikwa hivyo, na kila cheti kilichofuata kikafuata kitambulisho hicho. Hata kustaafu alistaafu kabla ya wakati wake, na hakusema neno. Mumewe alikuwa kitandani hajiwezi, akaona Mungu amempa nafasi ya kumuuguza.

Alikwenda Kilifi, ofisi ya kusajili vizazi. Akampata binti mpole aitwaye Everlyne, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kumkata kauli.

"Mama, sikatai kwamba unasema kweli. Lakini siwezi kubadilisha umri kwa maneno matupu. Una kadi ya kliniki? Cheti cha ubatizo cha utotoni?"

"Nilizaliwa nyumbani. Na kubatizwa nilibatizwa mkubwa, kwa miaka hiyo hiyo ya baba."

"Basi tafuta mtu aliyeshuhudia ukizaliwa, aape mbele ya wakili." Everlyne akashusha sauti. "Na, Mwalimu, serikali ilikuajiri kwa umri huu, ikakustaafisha kwa umri huu. Ukisema leo kwamba si wako, kuna watakaokuuliza kwa nini ulinyamaza."

Hannah aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi aliwahesabu mashahidi.

Wote waliomwona akizaliwa walikuwa wamekwisha kufa ila mmoja, shangazi yake Chiku, dada wa baba, aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa akimwambia kila mara, "Wewe ulizaliwa mwaka nilioolewa, baba yako alikuzidishia miaka." Hannah alipanda Rabai na karatasi ya kiapo kutoka kwa wakili.

Alimkuta barazani, amekaa mkekani, amekuwa mdogo kama kifaranga. Mwanawe Ngala, ndiye anayemtunza, alikuwa akimlisha uji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. U mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Kahaso. Kahaso wa Kambi."

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia. "Kahaso ni mtoto mdogo," alisema. "Yuko hapo nje anacheza. Mwiteni, jua kali."

Ngala aliweka bakuli chini. "Siku nyingine huwa na fahamu kidogo, dada. Sasa siku hizo ni chache." Akaiona karatasi mkononi mwa Hannah. "Lakini kidole chake si hiki hapa? Tumpake wino. Nani atajua?"

Shangazi, aliposikia neno kidole, alikinyoosha mwenyewe, kwa utiifu. Hannah alikishika. Alilitaka dole gumba lile. Na maneno ya karatasi yalikuwa ya kweli. Lakini alijua wakili atataka kumsikia bibi kwa kinywa chake, na bibi akiulizwa atasema Kahaso yuko nje anacheza. Akakunja karatasi. Akachukua kijiko na kumlisha uji uliobaki, na kila mara bibi alipomeza aliuliza kama yule mtoto amekwisha kuitwa.

Haukupita mwezi Taufiq akamwambia kwamba nafasi imejazwa. Wamechukua kijana, ndiyo kwanza amemaliza chuo.

"Niwie radhi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekutia tamaa."

"Hukukosa kitu, mwanangu."

"Sasa nani kakosa?"

Hannah alifikiri. Alimpitisha moyoni baba yake, na chifu, na Everlyne, na yule mama wa miwani, na shangazi. Hakumpata hata mmoja wa kumkasirikia.

"Mwambie huyo kijana," alisema hatimaye, "wiki ya kwanza asiwape sentensi ndefu. Awaache wacheke kwanza."

"Nitamwambia."

Simu ikakatika. Nje Afiya alikuwa akimwita waende sokoni kabla samaki hawajaisha. Aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Hannah alisikia, lakini aliendelea kukaa palepale, mikono mapajani.