Khanga Kiunoni, Njia ya Butiama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wanaume wazima wenye mikuki walinifuata mbio kwenye barabara ya Butiama, nami sikujua nimewakosea nini. Leo nacheka. Siku ile nilikuwa karibu kulia.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja kuniuliza kama uache mbio fupi ujiandae kwa ndefu. Nilipokuuliza wewe mwenyewe unataka nini, ukaanza kunieleza anachotaka kocha wako, kisha anachotaka kaka yako, kisha ukakuna shingo. Nilijiona mimi mtupu. Hata huko kukuna shingo umekutoa kwangu.

Enzi zetu ilikuwa miaka ya foleni. Likisikika tu kwamba lori limeleta sukari dukani, Bunda nzima inatimka. Ukifika unaweka jiwe lako kwenye mstari, linakushikia nafasi, unarudi zako kumalizia kufua, na hakuna mtu anayeligusa. Nyumbani kwetu Kabasa mwenye miguu nilikuwa mimi, kwa hiyo niliweka jiwe la kwetu na mawe ya majirani pia. Mwalimu Magesa, aliyekuwa akifundisha michezo, akaniona siku moja nikiwapita vijana wa kiume na mawe yangu mikononi, akaniita uwanjani. Ndivyo nilivyoanza kukimbia. Usidhani kulikuwa na kipaji kinachong'aa. Kulikuwa na sukari.

Muda si mrefu nikaingia kwenye timu ya wilaya, mita mia. Nilifurahi mno. Ndipo mwalimu akaja na jambo lake. Kungekuwa na mbio kutoka Butiama mpaka Musoma mjini, na yeye alitaka nijiandae.

"Wewe ukimaliza mita mia huhemi," akaniambia. "Una pumzi ya mbali. Ila ukichagua ndefu, nafasi yako kwenye timu nampa mwingine. Siwezi kukushikia zote mbili. Jumatatu unipe jibu."

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Baba, fundi cherehani, alisema timu ninayo tayari, sasa naitupa ya nini. Shangazi alisema msichana akikimbia mbali hazai, na sijui hilo alilisoma wapi kwa sababu hakusoma. Mama hakusema kitu. Alitazama sufuria. Ulikuwa wakati wa unga wa njano, ule wa mahindi ya msaada tuliouita yanga, nao ulipimwa kwa kikombe. Tangu nianze mazoezi nilikuwa nala na sehemu ya wadogo zangu, na wao wananiachia bila kugomba. Nikikimbia mbali zaidi nitakula zaidi. Hakuna aliyelitamka hilo pale nyumbani, mimi ndiyo kabisa. Liliniuma kuliko yote.

Asubuhi nataka ndefu, mchana nataka fupi, jioni sitaki hata kuviona viatu, ambavyo navyo sikuwa navyo. Mwisho nikaona nijaribu kwa siri. Nikaaga kwamba naenda kwa rafiki yangu. Nilikuwa na bukta ya shule, lakini niliona aibu kupita vijijini mapaja nje, basi nikachukua khanga ya mama, nikaifunga kiunoni ikakaza, nikashika njia ya Butiama.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ninyi watoto wa simu hamwezi kulijua. Vijijini kwetu, miaka ile ya wizi wa mifugo, mtu hakukimbia barabarani bure. Mwanamke akionekana asubuhi anakimbia, khanga imekazwa kiunoni, miguu mitupu, basi amebeba habari. Kama si msiba, ng'ombe zimechukuliwa. Mimi mtoto wa fundi wa mjini, kwetu hatukuwa na hata kuku. Ningejuaje?

Kijiji cha kwanza, mama mmoja aliyekuwa akilima akainuka. "We binti! Kuna nini huko?"

Nikampungia mkono nikapita. Pumzi nilikuwa naitunza. Yeye akaona huyu hata kusema hawezi, mambo ni mazito. Akapiga yowe. Yowe likadakwa na nyumba ya mbele, ikadaka na ya pili, na mara wanaume wanatoka na mikuki na fimbo. Mmoja alikuwa ananyoa ndevu, akatoka na povu shavuni, na sabuni yenyewe ilivyokuwa adimu! Wote wakajipanga nyuma yangu, mbio.

Nikageuka nikaona mikuki. Nikaongeza mwendo. Nao walivyoona nimeongeza, wakaongeza, wakijua wezi wako karibu. Nilijiuliza nimekanyaga shamba la nani, nimempita mzee gani bila kumwamkia. Sikupata jibu, basi nikazidi kukimbia. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote siku ile.

Miguu ilipokataa nikakaa chini kando ya barabara. Wa kwanza kunifikia alikuwa mzee wao, Mzee Wambura, kichwa cheupe chote.

"Zimeelekea wapi?"

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Zimeelekea wapi?"

"Nini, babu?"

"Ng'ombe!"

"Hakuna ng'ombe. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya mbio ndefu. Au sijui. Mwalimu anasema ndefu, baba anasema fupi."

Wakatazamana. Yule wa povu akajifuta shavu, akaangalia kiganja chake, akasema kwa uchungu, "Na sabuni yangu imeishia hapo."

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Wambura akakaa karibu nami, akahema kwanza mpaka akatosheka.

"Binti, kukimbia siyo kosa. Sisi wenyewe tulikuwaga tunakimbia. Kosa lako umeulizwa kuna nini, ukanyamaza. Ukinyamaza, watu wanajijibiaga wenyewe, na wanajibu vibaya. Ungemwambia yule mama unaenda wapi, angerudi kulima kwake."

"Lakini babu, mimi mwenyewe nilikuwa sijui naenda wapi."

"Ungesema hujui. Kwani kusema hujui nani amekukataza?"

Kisha akaniuliza nimetokea wapi. Nikasema Bunda. Akageuka kutazama barabara. Wenzake kadhaa walikuwa wamekaa huko nyuma, wengine wameshika mbavu. "Bunda!" akasema, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Hapo ndipo nilipotambua nimefika mbali kiasi gani. Walinipa maziwa, wakanipakia kwenye baiskeli ya kijana aliyekuwa akienda Bunda.

Nilipofika nyumbani nikasema yote. Nikasema nimedanganya kuhusu rafiki, nikasema mikuki, nikasema mbio ndefu naitaka na naiogopa. La mwisho lilinitoka kwa shida: naogopa kuwalia chakula wadogo zangu. Mama akaacha alichokuwa anafanya.

"Kumbe ndiyo hilo?" akasema. "Na mimi nilinyamaza nikidhani nikilitaja nitakuvunja moyo."

Tukalia wote wawili. Baba akaondoka akaenda kushona, lakini jioni alinikatia bukta mpya, ndiyo niliyokuja kukimbia nayo mpaka Musoma.

Jumatatu nikamwambia mwalimu, "Nachagua ndefu, ila sijui kama nimepatia."

"Sikukuuliza kama umepatia," akanijibu. "Nilikuuliza unachagua ipi."

Kuanzia hapo kila nikipita kijiji kile nilipaza sauti: "Shikamooni! Ni mazoezi, ng'ombe wako salama!" Watoto wakayadaka maneno, wakawa wananiimbia hivyo hivyo. Na yule mama aliyepiga yowe, nikirudi, ananisimamisha ananipa viazi vitamu vya kwenda navyo kwetu. Alijuaje kwamba chakula kwetu hakitoshi? Nilimwambia. Nilikuwa nimeanza kujibu nikiulizwa.

Siku ya mbio yenyewe, kabla hatujaingia Musoma, miguu ilikataa tena. Nilikuwa natafuta pa kukaa niliposikia yowe. Mzee Wambura na watu wake, niliokuwa nimewatajia siku ya mbio, walikuwa wamesafiri toka kijijini kwao, wamejipanga kando ya barabara na fimbo zao, yule wa sabuni akiwa amenyoa safi. Wakaanza kukimbia nami.

"Zimeelekea Musoma!" mzee akapiga kelele. "Zifuate, binti, zifuate!"

Nilicheka huku nalia, na miguu ikakubali. Sikuwa wa kwanza, wala sitakudanganya kwamba nilikaribia. Nilifika.

Basi mwanangu, sitakuchagulia mbio. Hata leo sijui kama mita mia zingenifikisha pazuri zaidi; usiku mwingine bado najiuliza. Ninachokuambia ni kwamba usingoje mpaka kichwa kitulie ndipo ufungue mdomo. Waambie wa nyumbani unachokitaka na unachokiogopa, hasa kile unachokiogopa, kisha uchague ungali umechanganyikiwa hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu akupe pumzi, akulinde na barabara. Akujalie watu wa kukuuliza unakwenda wapi, na wa kukimbia nawe miguu itakapokataa.