Mkanda Uliolegea wa Fundi Shabani

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, mpaka khanga niliyojitanda: ya zambarau, niliyopewa na somo yangu Mwajuma binti Kondo. Nimekaa kwenye kiti cha ofisi ya serikali mjini. Mdogo wangu Shabani yuko kando yangu amekumbatia boksi la viatu, na mbele yetu mama mmoja wa Kipare, jina lake Eliwaza, ameishika karatasi yetu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika dagaa wa juzi. Ndani ya boksi mlikuwa na kazi ya miaka miwili ya Shabani. Kwenye karatasi mlikuwa na maneno yangu mie. Na hayo maneno yangu ndiyo yaliyokuwa karibu kuiua kazi yake.

Ngoja nianze nyuma kidogo, usije ukaniacha njiani.

Tulikuwa tunakaa Tandika, Temeke hukohuko nilikozaliwa. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu akawa na meza. Mie meza yangu ilikuwa ya mitumba, katikati ya Mama Rehema wa viatu na Bwana Chuma wa mashuka. Shule niliishia darasa la nne, lakini kichwa changu kinashika majina. Hata leo niulize waliouza mstari wetu, nitakutajia wote na watoto wao. Shabani, aliyenifuata ziwa, alikuwa fundi redio. Mtu mpole huyo, maneno yake ya kutwa hayajazi kiganja. Yaliyobaki nilikuwa nayasema mie kwa niaba yake, na nilijiona namsaidia sana.

Baba yetu, Mzee Salum, alikuwa na ule ugonjwa wa wazee wa kuzibwa mkojo. Kila baada ya muda ilibidi awekewe mpira, ule mrija mwembamba unaopitishwa mpaka kwenye kibofu. Muuguzi aliyekuwa akimwekea, Sista Agatha, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Lakini mkono ni mkono, hauoni mbele. Siku moja mrija uligonga mahali, mkono ukasukuma kidogo tu zaidi, na kwa hicho kidogo baba alitoka damu siku mbili. Sista Agatha mwenyewe alilia. Baba akamtania, "Binti, mwenye kulia hapa ni mie. Mbona unanichukulia zamu yangu?"

Shabani hakucheka. Alikwenda kwenye kibanda chake, akafungua redio kaseti mbovu, akakaa akiitazama.

Nyie watoto wa leo hamkuzijua vizuri zile redio. Ndani mna kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe na kuuvuta polepole. Kinachokizungusha ni mota ndogo, na kati ya mota na kigurudumu pana mkanda wa mpira, mwembamba kama tambi. Shabani akawaza: kama kigurudumu hiki kinavuta utepe bila kuuchana, kitashindwaje kusukuma mrija? Akaanza kuunda. Alijaribia kwenye utumbo wa mbuzi, akiununua kwa Mzee Kibwana wa bucha, mpaka Mzee Kibwana akaniita pembeni: "Zuhura, huyu mdogo wako anapika supu gani isiyoiva?" Kifaa kilipokamilika, unabonyeza kitufe na mrija unatambaa wenyewe, taratibu kama jongoo. Mtaa mzima wakakibatiza jina, roboti la Fundi Shabani.

Sista Agatha alikuja kukiona. Akakizunguka, akakishika, akasema, "Fundi, usikiache hivihivi. Kachukue hataza." Alikuwa na kaka yake karani kwa mwanasheria, kwa hiyo akatueleza vizuri. Hataza ni hati ya serikali kwamba kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Unaandika maelezo ya kifaa chako, kilivyo na kinavyofanya kazi. Halafu mwishoni unaandika dai, yaani maneno yanayosema hasa kilicho chako ni kipi. Mkaguzi analisoma hilo dai, anatafuta duniani kote kama kuna aliyekutangulia. Kukawa na mwenye karakana Kinondoni, Bwana Suleiman, akaahidi kuvitengeneza vifaa hivyo pamoja na Shabani, lakini hati itoke kwanza. Bila hati, alisema, yeye hagusi.

Basi maelezo Shabani akayaandika mwenyewe kwenye daftari, na michoro yake. Dai likamshinda. Akaniletea. "Dada, wewe ndiye mwenye maneno."

Nikafurahi! Na hapo, mwanangu, ndipo nilipokosea, kwa sababu niliandika dai la serikali kwa akili ya meza ya mitumba. Sie pale sokoni tulikuwa na mbinu mbili. Ya kwanza, ukimtajia mteja, taja juu, maana lazima atapunguza. Ya pili, shati likiwa na tundu, likunje tundu libaki ndani. Nilizitumia zote mbili.

"Andika hivi," nikamwambia. "Mashine yoyote inayosukuma mrija wowote kuingia mwilini mwa mtu."

"Mbona kubwa hivyo, dada? Mie nimetengeneza haka tu."

"Wewe taja kubwa. Atashusha, tutapandisha, tutakutana katikati. Ulishaona wapi mtu anaanzia chini?"

Akakuna kichwa. "Na ule mkanda?"

Mkanda wenyewe ulikuwa hivi. Shabani hakutumia mkanda mpya. Alitafuta uliochoka, akaulegeza. Mrija ukigonga kitu, mkanda unateleza, kigurudumu kinasimama hata kama mota bado inazunguka.

"Mashine yako ina mkanda unaoteleza, na wewe unataka kwenda kuwatangazia?" nikamuuliza. "Hilo si ndilo tundu lenyewe? Likunje ndani! Futa kila mahali ulipolitaja."

Akachukua kalamu. "Haya, dada."

Ikapita miezi. Barua ikaja: dai limekataliwa. Kuna mtu wa ng'ambo, zamani sana, aliyekwisha kuandikisha mashine ya mota ya kusukuma mrija mwilini. Nikacheka. "Umeona? Ameanza kushusha." Tukajibu kwamba basi iwe mirija ya mkojo na ya puani tu. Likakataliwa. Nikashuka tena, ya mkojo peke yake. Barua ya tatu haikuwa na cha kuchekesha. Mwombaji afike mwenyewe Jumanne asikilizwe, na baada ya hapo maombi yanaamuliwa na kufungwa.

Shabani aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo kabisa, akaitia mfukoni. Baba akauliza kutoka kitandani, "Limekwama wapi?" Mie, Zuhura mwenye maneno, nikajitia natafuta khanga ya kujitanda Jumanne.

Ndiyo tukafika kwenye vile viti.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia, maana alikuwa ametuzidi umri.

"Marahaba. Karibuni." Bi Eliwaza, ndiye mkaguzi mwenyewe, akaiweka karatasi mezani. "Nimewaandikia kwamba dai lenu limeingia kwenye kazi ya mtu mwingine. Kila mkinijibu mnamega pembeni kidogo. Kwa nini?"

"Basi mama, tuseme ya wazee wa kiume tu," nikasema. "Hapo nimeshuka sana. Na wewe panda kidogo."

Akavua miwani. "Nipande niende wapi?"

"Tukutane katikati."

"Samahani, mama. Unafanya kazi gani?"

"Mitumba. Tandika."

Akacheka mpaka akashika meza. "Nilijua tu! Sasa nisikilize, Bi Zuhura. Mimi sina bei. Hapa hapana katikati. Ukiniambia mtaa wote ni wako, na ndani yake mna nyumba ya mtu, mimi siwezi kukumegea uchochoro. Nakataa kama ulivyotaja. Mwenye kuniambia nyumba yako ni ipi ni wewe." Kisha akamgeukia Shabani. "Na wewe fundi, umekuja kusindikiza? Hebu fungua hilo boksi."

Shabani akatoa kifaa chake, akaunga betri. Mrija ukaanza kutambaa juu ya meza ya serikali. Bi Eliwaza akauwekea kidole mbele. Mrija ukagusa kidole, ukatetemeka, ukasimama. Mota inanguruma, mrija umetulia tuli.

Nikawahi kusema, "Samahani mama, hizo ni betri tu, leo zime—"

"Si betri," Shabani akasema.

Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kunikatiza.

"Ni mkanda, mama. Unateleza. Nimeulegeza makusudi. Mkanda mpya una nguvu, utepe ukikwama wenyewe unavuta tu, ndiyo maana redio zinakula kanda. Uliochoka ukikutana na kizuizi unaacha. Baba yangu aliumia kwa sababu mkono haukuacha."

Bi Eliwaza akaondoa kidole, akakirudisha. Akaondoa, akakirudisha, kama mtoto na paka. Kisha akavuta karatasi za yule wa ng'ambo, akazisoma kimya. "Ya huyu haisimami," akasema polepole. "Ya huyu ikikwama inaongeza nguvu. Sasa jambo hili mbona silioni kwenye dai lenu?"

"Mie ndiye niliyemkataza," nikasema. "Nilidhani ni tundu."

"Tundu? Bi Zuhura, hilo ndilo shati lenyewe!"

Nikataka kucheka, lakini uso wake ukabadilika. "Ila kuna jambo. Siruhusiwi kupokea kitu kipya leo. Dai mnaweza kulirekebisha, lakini lazima litokane na maelezo mliyoleta siku ya kwanza. Kama mkanda haumo humo, siwezi kuwasaidia."

Loo, mwanangu! Mie ndiye niliyesema futa kila mahali. Bi Eliwaza akafungua ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Hamna. Wa pili, hamna. Nikaanza kuwaza nitamwambia nini baba. Kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, kidole kikasimama.

Akasoma: "Mkanda uwe mlegevu kiasi cha kuteleza mrija ukigonga, ili kigurudumu kisimame."

Shabani akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Kwingine nilifuta. Hapo nilishindwa. Nesi atakayekishika lazima ajue."

Yaani yeye ndiye aliyeniomba msamaha!

Bi Eliwaza akatusukumia karatasi nyeupe. "Mimi siandiki dai la mtu, nakagua tu. Nje kuna benchi. Tunafunga saa tisa na nusu."

Tukakaa kwenye benchi. Safari hii nilimuuliza yeye, yeye akasema, mie nikaandika. Hilo dai nalijua kwa moyo hadi leo: kifaa cha kuingiza mrija wa mkojo, chenye kigurudumu kinachozungushwa na mota kupitia mkanda, na mkanda huo umelegezwa ili uteleze mrija unapokutana na kizuizi, mrija usimame bila kusukumwa zaidi. Basi. Nilipofika mwisho nilitaka kuongeza "na mashine zote zinazofanana nayo." Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Shabani akanitazama tu. Nikaifunga kalamu.

Bi Eliwaza alilisoma limesimama peke yake, dogo, katikati ya karatasi. "Hili sasa," akasema, "naweza kulipigania."

Hati ilitoka baba akiwa hai, alhamdulillahi. Alitaka asomewe, na tulipofika pale pa mrija kusimama akasema, "Rudia hapo." Tukarudia mara tatu. Kisha akamwita Shabani karibu, akamwuliza kwa sauti ya siri ambayo nyumba nzima tuliisikia, "Umebakiwa na mkanda wowote mlegevu? Mfungie dada yako ulimini." Tulicheka mpaka jirani yetu Bi Tatu akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Bwana Suleiman alitengeneza vifaa vichache, utajiri hatukuuona. Lakini Sista Agatha alitumia kimoja kwa baba, daktari akiwa amesimama pale pale, na siku hiyo hakutoka damu.

Bi Eliwaza naye alinitembelea Jumamosi moja mezani kwangu, katoka kwao Kimara. Akachagua blauzi ya bluu, nzuri kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuikunja kwa mazoea. Nikaikunjua.

"Mama, hii ina tundu. Hapa kwapani."

"Nimeliona tangu zamani," akasema. "Nilikuwa nasubiri kama utaniambia." Akainunua.

Sasa nawe, mwanangu, unakwenda kuomba kazi, kuomba mkopo, au kuchumbiwa, sijui, mambo yenu nyie ni mengi. Utakaposimama mbele ya mtu na kuulizwa una nini, usitaje mtaa mzima ukitegemea akumegee. Taja nyumba yako, kwa ukubwa wake uleule. Na lile jambo lako unaloliona dhaifu, unalotaka kulikunja ndani, litazame mara mbili kabla hujalificha; huenda ndilo pekee lisilo la mtu mwingine. Tena ukiwa na ndugu asiye na maneno mengi, usimsemee. Muulize, halafu ngoja ajibu.

Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yako, iitwe kwa jina lako na si la mwingine. Akuweke kwenye meza ya mkaguzi mwenye haki na kicheko, na utakapogonga kizuizi, akujaalie moyo wa kusimama. Amina, mwanangu.