Ushuhuda wa Bi Tabitha

Waruguru anaishi mlango wa pili kutoka kwangu, hapa Kahawa Wendani, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu. Mimi ni Ajwang, nasuka nywele pale chini barabarani, na mtu nikimpenda humtania. Yeye nilimtania sana. Alisomea ualimu wa Kiswahili na dini, akahitimu vizuri, akangoja serikali imwajiri mpaka watu wa kwao wakachoka kumuuliza. Mwishowe akapata kazi ya kuandika mtandaoni, kazi anayoifanya akiwa kitandani, laptopu juu ya mto.

Aliandika makala za afya. Tovuti ilikuwa ya Kiswahili, lakini mwenye tovuti hakuna aliyemjua. Maagizo yalitoka kwa mtu aliyejiita Mhariri, ambaye Waruguru hajawahi kumsikia hata sauti. Kila makala ilitoka kwa jina la Daktari Silvano Mbaruku, na kando ya jina kulikuwa na picha ya mzee mwenye mvi na koti jeupe, anayetabasamu kama babu aliyekuletea miwa. Picha ilinunuliwa, na Daktari Silvano hakuwepo duniani. Chini yake iliandikwa kwamba makala imehakikiwa na jopo la madaktari. Jopo lenyewe lilikuwa Waruguru na chupa yake ya chai.

Kwa hivyo nilimwita daktari. Nilikuwa nikipita mlangoni kwake namwambia goti linaniuma, naye ananiandikia dawa ya kuacha umbea. Tulicheka, kwa sababu wagonjwa wa Daktari Silvano walikuwa mbali na hatukuwa tunawaona.

Msinielewe vibaya, Waruguru si mtu mbaya. Alisoma kabla ya kuandika, ila alichosoma kilikuwa tovuti zingine, ambazo nazo zilinakili kwingine, hata ukimtafuta aliyelipima jambo lenyewe humpati. Mhariri alitaka lugha tamu na ushuhuda wa mgonjwa aliyepona. Makala ya presha ilisifu juisi ya bitiruti na kitunguu saumu. Mwishoni Waruguru aliweka sentensi ya kuwaonya watu wasiache dawa za hospitali. Makala ilipotoka, sentensi hiyo haikuwepo. Alipouliza, aliambiwa kwamba maonyo yanawatia wasomaji wasiwasi. Alikuja kunung'unika kwangu, kisha akaendelea kuandika, kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo.

Simu ya Mugo ilimpata nikiwa namsuka. Mugo ni ndugu yake mdogo, anaendesha bodaboda kule Gatuanyaga na anaishi na mama yao. Alisema mama ameanguka kwenye zizi la mbuzi, mdomo ukaenda upande, maneno yakapotea. Hospitalini Thika waliambiwa ni kiharusi kidogo. Ulimi ulikuwa umerudi, ila mkono wa kulia haukuwa na nguvu. Presha ilikuwa imepanda vibaya kwa sababu mama aliacha vidonge siku alipoanza kunywa juisi aliyoisoma kwenye simu. Na sasa amerudishwa nyumbani na vidonge anavikataa. Anasema daktari wa kwenye simu alishaeleza kwamba mwili ukisafishwa lazima ulalamike kwanza, na kule kuanguka ndiko kulalamika kwenyewe.

Waruguru aliiweka simu mapajani. "Hiyo sentensi ni yangu," aliniambia.

Hapo hapo alimwandikia Mhariri aiondoe makala, akamweleza na sababu. Jibu lilikuja kabla sijamaliza msuko mmoja. Makala ile ndiyo inayosomwa zaidi, haiwezi kuondolewa, na je, anaweza kuandika nyingine kama hiyo ya ugonjwa wa sukari? Nilitukana, na sitarudia hapa nilichosema. Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini huyu alichimba, na aliyeingia ni mama yake.

Tulienda Gatuanyaga wote wawili, yeye na kitambaa kichwani kwa sababu nusu ya nywele ilikuwa haijasukwa. Nilijua anachoogopa: hospitalini walimwambia Mugo kwamba mama asiporudia dawa, kiharusi cha pili hakitakuwa kidogo.

Tulimkuta mama yao, Mami Warigia, nje ya jiko, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoazimwa. Alitusalimia vizuri, akauliza kama kwetu kumenyesha, akamtuma Mugo alete viti. Mimi aliniita mgeni na kunimiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu ikaingia kwenye kikombe na nusu mchangani. Waruguru aliangalia pembeni.

Alianza kwa kuzunguka, kimwalimu. Aliuliza huyo daktari anafanya kazi hospitali gani, makala iliandikwa lini, na kama hao walioihakiki wana majina. Mama alikuwa na majibu. Nesi wa hospitali, alisema, hata hainui macho kwenye kompyuta, na jina analokuita si lako. Huyu wa mvi anaeleza polepole, hamtukani mtu, hauzi kitu, na Kiswahili chake ni cha Biblia. Mtu mwongo hana adabu namna hiyo. Nikisema ukweli, kwa mizani hiyo hata mimi ningemwamini.

Halafu kulikuwa na Bi Tabitha, yule mgonjwa aliyepona kwenye makala. Mama alimfanya Mugo akuze herufi kwenye simu ili nijisomee mwenyewe. Ushuhuda ulimhusu mama wa sehemu kavu, mfugaji wa mbuzi, aliyekuwa akipanda na maji kutoka mtoni na kulazimika kupumzika kwenye jiwe lililo njiani, akimkalisha mtoto wake upande wa kivuli na yeye mwenyewe akikaa upande wa jua. Baada ya juisi, Bi Tabitha analipita lile jiwe akiimba. Mama alikuwa amewaomba wamama wa kanisani wamkumbuke Tabitha katika maombi. Alisema Mungu akimpa uzima angependa wakutane, kwa sababu huyo ni mtu anayemwelewa.

"Mami," Waruguru alisema, "hiyo kitu niliandika mimi."

Mama alimtazama kwa huruma. "Wewe ulisomea ualimu. Usidanganye kwa sababu yangu ndio nimeze dawa."

Mugo naye aliona ni ujanja wa dada yake, kwani nyumbani hakuwahi kuwaambia anaandika nini mtandaoni. Waruguru alifungua laptopu, akaonyesha maneno yale yale na tarehe aliyoyaandika. Mama alisema hata pasta wao hunakili mahubiri kwenye simu, na hiyo haimfanyi awe Paulo. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Siku hiyo mkweli ndiye aliyekosa pa kupita.

Waruguru alifunga laptopu. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama yake.

"Hilo jiwe la Tabitha ni lile la chini ya shamba la kina Kiama," alisema. "Lina ufa katikati. Mugo alikuwa hajazaliwa. Ulikuwa unanikalisha kwa kivuli, wewe unakaa kwa jua, na ukiwa umechoka unaniambia ni mimi nimechoka. Mimi sijui mgonjwa yeyote, Mami. Niliambiwa niweke mtu amepona. Nikakuweka wewe."

Mbuzi walikuwa wakisukumana zizini, na Mugo, aliyekuwa na la kusema siku nzima, sasa alikuwa akiangalia viatu vyake. Nilimwona mama akilitafuta lile jiwe kichwani, na nikamwona akilipata.

"Wakati unaandika, ulikuwa unajua niko na presha?"

"Nilijua. Ndio maana nikaandika umepona. Nilitaka iwe hivyo."

"Na huyo Tabitha?"

"Hayuko."

Mama alipangusa upande wa mdomo uliokuwa bado haujanyooka vizuri. "Mimi nimekuwa nikimwombea," alisema. Kisha akaongeza: "Kwa hivyo hakuna mtu alipona."

Waruguru alitikisa kichwa. Alikuwa analia, na hakuwa anaficha.

"Mugo, leta hizo dawa."

Waruguru aliinuka kwa haraka, akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha maji. Mugo alipotoka na bahasha ya hospitali, Waruguru alinyoosha mkono aipokee. Mama alimwahi, akaishika kwa ule mkono wake wa kushoto, akaiweka mapajani.

"Wewe wacha," alisema bila hasira. "Huyu mgeni atanisomea."

Nilimsomea. Jina la dawa, jina lake yeye Warigia, kidonge kimoja kila siku. Akauliza nani ameandika hapo. Nikaangalia tena, nikamwambia ni mwandiko wa nesi, na sahihi yake iko. Nilibonyeza kidonge kikatoka, nikakiweka kwenye kiganja chake. Alikigeuza, akakitazama pande zote, kisha akakimeza kwa chai iliyokuwa imepoa kwenye kikombe chake. Waruguru alikuwa bado amesimama hapo na yale maji.