Sikio Moja la Redio

Juzi niliingia duka moja la vifaa vya simu, Singida mjini, kutafuta hedifoni za safari. Nilikuwa naenda Mwanza kwa binti yangu, na mabasi yetu unayajua: dereva akiupenda wimbo, basi zima mtaupenda. Kijana wa duka alinipa shikamoo ya heshima, kisha akaanza kunimwagia sifa za bidhaa zake. Hizi hazina waya. Hizi zinakaa na chaji kutoka hapa mpaka Mwanza na kurudi. Spika hii ndogo unaining'iniza kwenye mkoba. Mwisho akanipachika zile alizoziona bora kuliko zote, vimpira laini vikazama masikioni, na dunia ikanyamaza. Pikipiki za nje, mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara, hata yeye mwenyewe aliyekuwa bado anaongea mbele yangu, vyote kimya.

Nilizichomoa haraka kama mtu aliyeingiliwa na siafu.

"Mbona hivyo mama? Hizo ndizo zenyewe. Hata mtu akikuita husikii."

"Ndiyo maana sizitaki," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama vijana tukishika vitu vyao. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana umekaa na una muda.

Kwetu ni upande wa Ilongero. Baba yangu alikuwa mkulima kama wengine, ila kila mwaka, uwele ukishaingia ghalani, aliondoka na wenzake kwenda kurina asali kwenye mapori ya Rungwa. Walikaa huko wiki na wiki. Alirudi na madebe ya asali na mabonge ya nta, koti lake likinuka moshi, na sisi watoto tulilinusa koti kabla hatujamsalimia vizuri.

Kitu cha kwanza kufungashwa kwa safari hiyo kilikuwa redio. Mwaka mmoja ile ya zamani ikafa, baba akaenda mjini kununua nyingine, na bibi, yaani mama yake, akamfuata. Baba alitaka lile redio kubwa la spika mbili walilokuwa nalo wenzake. Bibi akalikataa pale pale dukani. Akachagua kiredio cha kuenea kiganjani, chenye mkanda wa ngozi na waya mwembamba wa kisikilizio cha sikio moja, rangi ya maziwa.

"Sikio moja la redio, moja la pori," alisema. "Tembo hapigi hodi."

Wenzake baba walicheka sana. Kile kisikilizio walikiita dawa ya sikio, na kila walipopita nyumbani waliuliza kama mgonjwa anaendeleaje. Baba alikuwa mtu mpole, akacheka nao, akafunga mzigo wake, wakaondoka.

Hazikupita siku nyingi bibi akaugua. Zahanati walimpa vidonge na alivimeza, ila chakula alikikataa kabisa. Mama alimpikia mlenda alioupenda, akamchinjia kuku, bibi akageuza uso ukutani. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji wa uwele asubuhi na kurudisha bakuli likiwa vile vile, uji umeshafanya utando juu. "Mwanangu akija nitakula," ndilo jibu lake. Alikuwa anakonda huku tunamwona. Mama alianza kufanya kazi bila kuimba, na mimi nikajua hali ni mbaya.

Simu za mkononi hazikuwapo. Njia ya kumpata mtu aliye porini ilikuwa moja, tangazo la redioni. Mwalimu wa shule yetu akakubali kuliandika na kulipeleka posta mjini kwa baiskeli yake.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu, na nadhani hata kwenu, mtu aliye mbali hakutupiwa habari ya kifo usoni. Aliambiwa, "Mama yako ni mgonjwa sana, rudi nyumbani." Mwenyewe akaelewa, akafunga mzigo, akalia njiani. Kwa hiyo aliyekuwa mgonjwa kweli hakubakiwa na maneno ya kwake. Mama alimwomba mwalimu aongeze kwamba bibi yu hai. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Shemeji, nikiandika hivyo ndiyo watasadiki kabisa kwamba amekufa."

Jioni ya tangazo tulienda kwa jirani, ambaye alikuwa amezianika betri zake juu ya bati mchana kutwa ili zipate nguvu. Yalisomwa matangazo ya vifo, tumeinamisha vichwa, halafu likafuata jina la baba: popote alipo anaombwa arudi nyumbani haraka, mama yake ni mgonjwa sana. Jirani akazima redio taratibu, akampa mama mkono wa pole.

"Tumemwacha nyumbani sasa hivi, anakohoa," mama akasema.

Jirani akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema pole tena.

Asubuhi yake wakaja. Akina mama wamejifunga kanga viunoni, wana unga wa mtama vichwani na mizigo ya kuni, wanaume wamebeba kuku. Kilio kilianzia mlangoni mwa boma. Mama alikimbia huku na huku akiwaeleza kwamba hakuna msiba, nao walimkumbatia wakizidi kulia, wakidhani uchungu umemvuruga akili. Mimi nilisimama karibu na ghala, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuwaza kwamba pengine wao ndio wanajua.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bibi alikuwa amesimama ameshika mwimo.

"Nani amekufa?"

Shoga yake, kikongwe mwenzake, akajibu kwa sauti ndogo, "Wewe."

Hasira zilimpanda bibi, na hasira zikamletea njaa. Aliketi kwenye kigoda akaagiza uji. Nilimpelekea mbio, akaunywa wote kwa mafundo makubwa, akafuta mdomo, akauliza yule jogoo mwekundu ameletwa na nani. Mama alizunguka nyuma ya ghala akalia peke yake, na safari hii hakuna aliyemfuata.

Wageni hawakuondoka. Kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani, ni mkosi. Kwa hiyo moto uliwashwa, ugali ukasongwa, kuku wakachinjwa, na tukala matanga ya mtu aliye hai, naye anakula nasi.

Baba alikuwa amelisikia tangazo. Huko kambini maredio makubwa yalishamaliza betri, wenye nayo wamebaki kuyafuta vumbi tu. Cha kwake kilikula betri kidogo, kikawa bado kinaongea. Alisikia jina lake akiwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani ya sufuria akaondoka. Alipata lori la mizigo mpaka Itigi, kisha gari la Singida, na njia nzima alikuwa anamlilia mama yake aliyekufa.

Alifika kesho yake mchana. Mbele yake kidogo alikuwa ametangulia shangazi, dada yake aliyeolewa Shelui, ambaye naye alisikia tangazo na akaingia bomani kwa kilio cha kupasua anga. Baba alikisikia kilio hicho akiwa kwenye njia ya shambani. Nilimwona akisimama. Halafu sauti ya bibi ikatoka ndani, kali kama zamani:

"Wewe nawe, punguza kelele. Unanifukuzia kuku aliyeatamia."

Baba alikaa chini, pale pale katikati ya mabua ya uwele. Nilipomfikia alikuwa anacheka na kulia pamoja, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Sijawahi tena kufurahi kiasi kile.

Siku hizi mgonjwa ni mgonjwa na marehemu ni marehemu, simu inasema wazi, na nashukuru sana kwa hilo. Hakuna anayelia kutoka Rungwa mpaka Ilongero bure. Ila habari sasa inaingia sikioni mwa mtu mmoja, anaisikia peke yake, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta hana habari wala hana unga wa kuleta. Yale maboma yaliyojaa watu ambao hakuna aliyewaita sijayaona tena. Mimi nilinunua hedifoni za waya, za bei ya chini, kijana akanifungia huku anasikitika. Mpaka Mwanza nilivaa upande mmoja.

Bibi aliishi mpaka akawabeba wanangu. Alipofariki kweli nililia, lakini sikulia sana. Watu wengi huondoka bila kujua wataliliwa vipi. Yeye alishawasikia wote, akawakaripia, akala nao.