Aliyenyonya Pamoja Nami

Mtoto wa mjomba alikuwa akila chakula cha mchana kwetu Msambweni kila siku isipokuwa Ijumaa. Kwao ni Mwabungo, lakini cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na nyumba yetu, na mama asingekubali mtoto wa ndugu yake ashinde na mkate mkavu ilhali kwetu chungu kiko mekoni. Mwenye kumtolea sahani nilikuwa mimi. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, umri ambao msichana hakuonekana ovyo mbele ya mwanamume anayeweza kumwoa. Hata hivyo nilikuwa nikitoka na sahani mpaka barazani kwetu, kanga imeniteleza mabegani, na hakuna aliyenikemea. Mdogo wangu akichungulia mlangoni tu, mama alimfinya sikio akamrudisha ndani.

Basi nikajijibu mwenyewe. Kama mimi naachiwa nimkaribie na mwenzangu anafichwa, basi huyu kijana nimewekewa mimi. Nani angefikiri vingine? Nikawa namchagulia kipande cha samaki cha katikati, na waliobaki nyumbani wakala vichwa na mikia. Baba alilalamika mara moja tu, kisha akazoea.

Huko nyuma, chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu alikuwa ametusimulia habari za wana wa Adamu. Mama yetu Hawa alizaa mapacha, kila mimba mvulana na msichana. Uliyezaliwa naye pamoja alikuwa haramu kwako. Ulioa pacha wa ndugu yako. Kabil akaambiwa amwachie Habil yule pacha aliyezaliwa naye, aliyekuwa mzuri, na yeye amchukue dada wa Habil, ambaye hakuwa mzuri kiasi hicho. Kabil akakataa, na tunajua alilolifanya. Watoto wote walimsikitikia Habil. Mimi nilimsikitikia yule msichana ambaye hakutakiwa. Niliuliza yeye alisema nini alipokataliwa. Mwalimu akanionyesha fimbo, akaniambia nisome.

Wazee wa Mwabungo walikuja kuposa baada ya Idi. Nilikuwa chumbani, nimevaa kanga mpya, nimetega sikio ukutani. Mjomba akazungumza maneno marefu ya heshima, kisha akamtaja anayemtaka. Akataja jina la mdogo wangu. Nilidhani amekosea, kwa maana wazee huchanganya majina ya watoto. Nikangoja baba amrekebishe. Baba akasema Alhamdulillahi.

Sitaki kulipamba. Nilimwonea mdogo wangu wivu. Aliwekwa ndani, akasingwa liwa, ngozi yake ikaanza kung'aa, nami nikapewa kazi zake juu ya zangu. Maji nichote mimi, kuni nitafute mimi. Nazi zote za nyumba ile nilizikuna mimi, na kila nikiketi juu ya mbuzi nilikuwa nikimsema yeye moyoni: macho yake, mwendo wake, kucheka kwake kwa kujibana. Wanawake wa jirani walikuja na vigelegele, wakinipita wananipa pole ya macho, kwa sababu mdogo ametangulia na mkubwa yupo. Pole yao niliichukia kuliko vigelegele vyao. Na yule bwana harusi akaendelea kuja kula, nami nikaendelea kumtolea sahani. Hilo halikubadilika, ndilo lililonitia wazimu.

Siku moja nikamwendea nyanya, aliyekuwa akisuka ukili uani, nikamuuliza kinaga ubaga mimi nina ila gani.

"Huna ila," akasema bila kuinua macho. "Wewe na mtoto wa mjomba wako mlinyonya pamoja. Mkaza mjomba wako alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakamkauka, na mama yako alikuwa ana wewe mchanga. Akawanyonyesha nyote wawili, huyu huku na huyu huku, mpaka mkaota meno. Yule ni ndugu yako."

Nikamuuliza mbona hakuna aliyeniambia. Akasema jambo hilo halikuwa siri, lilikuwa la kawaida tu, ndiyo maana sikukemewa barazani. Nikamuuliza tena, ikiwa mimi ni dada yake, mdogo wangu je? Hapo nyanya akafurahi, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari, la yeye na wazee wenzake. Akasema ni kama wana wa Adamu. Wa mimba moja ni haramu, wa mimba nyingine ni halali. Mimi na yeye tulinyonya maziwa ya wakati mmoja. Mdogo wangu alikuja baadaye, akanyonya maziwa mengine.

Kwa hiyo nilikuwa yule msichana wa hadithi ya chuoni, na sasa nilijua alilolisema. Hakusema kitu, alitafuta njia. Nilikwenda kwanza kwa jirani yetu, mama Mkristo aliyekuwa muuguzi hospitalini, maana nilisikia na wao wana habari za Adamu. Akanifungulia Biblia yake. Akaniambia Kaini alikuwa na mke, lakini haikuandikwa mke huyo katoka wapi. Adamu alizaa wana na binti, basi bila shaka alikuwa dada yake, na sheria ya kukataza ilikuja baadaye, zama za Musa. Wakati ule, akasema, hakukuwa na mtu mwingine wa kuoa. Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba Msambweni imejaa wanaume, na mimi ninamtaka huyo huyo.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu wa chuoni. Nilimkuta na mkewe, nikaketi penye kizingiti, nikatoa shikamoo. Nilikwenda kutafuta haki yangu. Nilitaraji aniambie maziwa ya utotoni ni jambo lililopita, limekwisha nguvu, na kama mmoja wetu anafaa kuolewa naye, basi na mwingine anafaa. Nilimweleza yote, pamoja na ile hoja ya nyanya. Akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Akauliza kama yule kijana alionjeshwa tu au alinyonya akashiba, siku kwa siku. Nikasema mpaka meno.

"Mwanangu," akasema, "Hawa alikuwa peke yake. Hapakuwa na mama mwingine wa kuwanyonyesha watoto wake, basi Mungu akawapa njia ya kupitia. Ninyi mna sheria. Aliyemnyonyesha ni mama yake, na mabinti wote wa mama yake ni dada zake, waliozaliwa kabla na waliozaliwa baada. Harusi hiyo haipo."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Wewe zaidi," akasema.

Mwalimu mwenyewe alikwenda kuzungumza na baba. Posa ikarudishwa Mwabungo kwa heshima, nyanya akashika kitanda kwa aibu, na liwa ikaoshwa. Mdogo wangu alilia mchana mzima, kisha akaja akasimama mbele yangu. "Sasa umefurahi," akasema. Sikuwa nimefurahi, wala yeye hakuniamini. Na hata hapo wivu haukwisha. Yeye aliposwa, akasingwa, akapigiwa vigelegele, na alipolia wanawake walimshika mabega. Mimi ningelia nini? Nani humlilia kaka yake?

Tangu hapo mtoto wa mjomba hakula tena barazani. Aliingia mpaka uani, akaketi mkekani kwa mama, na sisi wawili tukapita mbele yake vichwa wazi kama sheria inavyoruhusu. Nilipata kumwona kwa karibu kuliko nilivyowahi kuomba. Baada ya Idi ya pili akanituma Mwabungo nikamwangalie msichana mmoja wa jirani zao, kwa kuwa kazi hiyo ni ya dada. Nilikwenda. Nilimtazama tangu unyayo mpaka utosi nikitafuta kasoro, nikarudi mikono mitupu.

Kesho yake nikamtengea chakula. "Vipi, dada," akaniuliza, "anafaa?"

"Ni mzuri kunishinda," nikasema, nikimtazama usoni.

Akacheka, akaipokea sahani mkononi mwangu. "Hilo siwezi kujua," akasema. "Mama aliniambia tangu udogo kwamba mimi na wewe tumenyonya pamoja. Uzuri wako sijapata kuutazama."

Akaanza kula. Nilikuwa nimempa kipande cha katikati, kwa mazoea.